Utulivu wa Masika: Johannes Rebmann Ugenini

Masika yakianza katika pwani yetu, kazi hupangwa upya. Mkulima huwahi shambani, msafiri huahirisha safari. Hapo zamani, kusi lilipoanza kuvuma, majahazi yaliyokuja na kaskazi yalianza kurudi Uarabuni na India. Kwa mgeni aliye mbali na kwao huo ulikuwa wakati mzito. Nyumba huvuja, homa hunyemelea, na barua ya nyumbani haiji. Hata hivyo, ni katika miezi hiyo ya mvua kwamba baadhi ya mambo makubwa ya historia ya Kanisa katika nchi zetu yalianza, tena kimyakimya.

Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, alifika Mombasa pamoja na mkewe Rosine. Mwezi wa Juni alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi uliofuata Rosine alifariki kwa homa, na baada ya siku chache mtoto wao mchanga akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani. Alipopata nguvu alirudi kwenye kazi ile ile ya maneno.

Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, kijana kutoka Gerlingen, Ujerumani. Wakahamia Rabai, kwenye vilima vilivyo juu ya Mombasa. Tarehe 27 Aprili 1848 Rebmann alianza safari ya kwenda Uchagani, akiongozwa na Bwana Kheri. Silaha hakubeba, ila mwavuli. Asubuhi ya tarehe 11 Mei aliona weupe juu ya mlima mrefu. Alipomwuliza kiongozi wake ni kitu gani, alijibiwa kwamba ni baridi tu. Rebmann akatambua kuwa ni theluji. Mlima huo ni Kilimanjaro.

Watu wengi hukumbuka habari ya theluji na kusahau kilichofuata. Msafara ulipopumzika, Rebmann alifungua Biblia yake akasoma Zaburi ya 111. Hakuitafuta ili ilingane na mlima. Aliisoma kwa sababu ndiyo iliyofuata katika utaratibu wake wa kusoma. Angekuwa Rabai chini ya paa linalovuja, angesoma Zaburi hiyo hiyo siku hiyo hiyo. Utulivu wake haukutegemea mandhari wala hali ya hewa. Ulikuwa na zamu yake, naye aliishika.

Lakini tusiishie hapo. Aya ya sita ya Zaburi hiyo inasema juu ya uwezo wa kazi za Mungu na urithi wa mataifa, na Rebmann aliipokea kama ahadi kwa nchi aliyokuwa akiitazama. Aprili 1849, masika yakianza tena, alitoka Rabai akikusudia kufika hadi Unyamwezi. Hakuvuka Uchagani. Mangi Mamkinga wa Machame alichukua mali yake, na Rebmann akarudi Rabai mwezi wa Juni akiwa mgonjwa. Ahadi aliyoisoma haikutimia kwa njia aliyoitarajia.

Je, ilitimia vipi? Ilimlazimu akae. Krapf alirudi Ulaya, bali Rebmann alibaki Afrika Mashariki hadi mwaka 1875 bila kurudi kwao hata mara moja. Masika yalikuja na kupita karibu mara thelathini. Mkewe alifariki mwaka 1866. Macho yake yalififia mpaka akawa kipofu, na waumini walikuwa wachache sana. Miaka hiyo aliitumia kusikiliza. Alikaa na mtu aitwaye Salimini, aliyekuwa amechukuliwa utumwani kutoka nchi za Ziwa Nyasa, akaandika lugha yake neno kwa neno. Alitafsiri Injili ya Luka kwa Kiswahili. Na alipoondoka hatimaye, hakuwa na macho ya kuiona njia. Alisafiri pamoja na Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Alifariki Korntal mwaka 1876. Kamusi ya lugha ya Salimini ilichapwa mwaka uliofuata.

Basi aliyedhani anakuja kupokea urithi, mwishoni alihitaji mkono wa mwenyeji. Nadhani huo ndio urithi wenyewe: si nchi wala watu wa kumilikiwa, bali undugu katika Kristo.

Leo watoto wetu wengi wako ugenini, Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba. Wapo pia waliohamia mji mwingine tu, lakini mvua inapowafungia chumbani huona upweke ule ule. Wengi hungoja mambo yatulie kwanza ndipo waombe. Maisha ya Rebmann yanatufundisha kinyume chake. Weka zamu, hata dakika kumi, na uishike siku ya ugonjwa na siku ya furaha. Kisha, ukishafunga Biblia, msikilize mtu uliye naye chini ya paa moja. Huenda jibu la ulichosoma asubuhi Mungu ameliweka kinywani mwake.