Kamshafti ya mbio katika Peugeot za injeksheni ya kimekanika (Kitale na Bungoma)

Kamshafti ya mbio ni mhimili wenye nundu zilizochongwa ili valvu zikae wazi kwa muda mrefu, na mara nyingi zifunguke kwa kina, kuliko zilivyopangwa na kiwanda. Katika gari la kaburata, kuifunga ni kazi inayojulikana. Katika gari la zamani lenye pampu ya injeksheni ya kimekanika, kamshafti na pampu ni kazi moja, na anayeigawa mara mbili huishia kuchoma valvu. Makala haya yanahusu Peugeot 404 na 504 za injeksheni, na hali ya kuziendesha kati ya Kitale, mji ulio mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, na Bungoma, ulio mita 1,400 hivi.

Magari yenyewe

Peugeot 404 ilianza kuuzwa 1960, na miaka michache baadaye ikapata injini ya injeksheni ya sentimita za ujazo 1,618, yenye pampu ya Kugelfischer ya Ujerumani. Nguvu zake zilitangazwa kuwa farasi 85 kwa kipimo cha SAE, wakati ile ya kaburata ilikuwa na 72. Afrika Mashariki ililijua jina hilo kupitia Safari Rally: 404 ilishinda 1963 na 1968 ikiendeshwa na Nick Nowicki na Paddy Cliff, na 1966 na 1967 ikiendeshwa na Bert Shankland na Chris Rothwell wa Tanzania. Mwaka 1963 yalianza magari 84 na kumaliza 7. Peugeot 504 ilifuata 1968 ikiwa na sentimita za ujazo 1,796, kisha 1,971 kuanzia 1970, na Ove Andersson na Arne Hertz waliishindia Safari ya 1975.

504 iliunganishwa pia Mombasa, katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers. Magharibi mwa Kenya, Pijo iliyozoeleka zaidi ni ile ndefu ya abiria, ambayo ilikuwa ya kaburata au ya dizeli. Injini ya petroli ya gari hilo ni ya ukoo mmoja na ile ya injeksheni, kwa hiyo fundi wa jua kali aliyezifungua Pijo za abiria anaijua tayari sehemu kubwa ya kazi hii. Kinachobaki kigeni kwake ni pampu.

Pampu isiyopima hewa

Pampu ya Kugelfischer ina pistoni ndogo nne, moja kwa kila silinda, na huzungushwa na mkanda wenye meno kwa nusu ya kasi ya kranki. Kiasi cha petroli huamuliwa na koni ya chuma iliyo ndani yake, ambayo umbo lake si la duara kamili. Koni hiyo ina miondoko miwili: mmoja hufuata pedeli ya mafuta, mwingine hufuata kasi ya injini. Hakuna kitu ndani ya pampu kinachojua ni hewa kiasi gani imeingia kwenye silinda. Koni ilichongwa kwa ajili ya injini iliyopimwa kiwandani, ikiwa na kamshafti ya kiwandani.

Nundu ndefu huvuruga hesabu hiyo kwa pande mbili zinazopingana. Mizunguko ikiwa chini, valvu ya kuingizia huchelewa kufunga, na hewa iliyokwisha kuingia hurudi ilikotoka. Pampu inamwaga petroli ileile, mchanganyiko unakuwa mzito, na plagi zinajaa masizi. Mizunguko ikipanda, hewa huingia kwa wingi kuliko zamani huku petroli ikibaki ileile. Mchanganyiko unakuwa mwepesi wakati injini imebeba mzigo wake mkubwa. Skrubu ya kuongeza petroli hutibu huko juu na kuzidisha ugonjwa wa chini. Tiba kamili ni koni iliyochongwa upya ifuate kamshafti mpya, kazi ya mtaalamu wa pampu hizo. Bila koni mpya, njia ya busara ni kuchagua kamshafti isiyoiacha koni ya zamani mbali.

Kugelfischer ina faida moja hapa. Injeksheni ya Lucas katika Triumph 2.5 PI hupima petroli kwa ombwe la manifoldi, na D-Jetronic ya Bosch hupima shinikizo la manifoldi hiyohiyo. Kamshafti kali huiyumbisha mifumo yote miwili hata gari likiwa limesimama. Kugelfischer hufuata pedeli na kasi tu, kwa hiyo haibabaiki na ombwe dhaifu.

Kuchagua

Kamshafti za magari ya kawaida hukaa kati ya digrii 240 na 260 za kranki, na za mashindano huvuka 300. Kwa matumizi ya Kitale na Bungoma, zaidi ya digrii 275 ni hasara. Barabara ya kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, kisha njia kuu ya Malaba kuelekea Bungoma, ina malori mazito na matrekta ya miwa, na nguvu inayohitajika ni ile ya kulipita trela kutoka mizunguko 2,500. Tena, huku juu injini tayari inavuta hewa nyembamba, na valvu inayochelewa kufunga hupunguza zaidi mgandamizo ndani ya silinda. Injini iliyong'aa pwani hugeuka mzigo Kitale. Fundi anaweza kurudisha sehemu ya mgandamizo kwa kukwangua kichwa cha injini kidogo, mradi apime tena nafasi ya valvu.

Kufunga

Injini hizi zina slivu zinazozungukwa na maji. Kichwa kikishatolewa, slivu hazina kinachozishika, na mtu akizungusha kranki zinainuka na kuharibu sili za chini. Maji huingia kwenye oili, na kosa hugunduliwa baada ya kila kitu kufungwa. Kwa hiyo kichwa kikitoka, jambo la kwanza ni kuzibana slivu kwa boliti na washa pana. Silinda namba moja ya Peugeot iko upande wa flaiwili, na waliozoea magari ya Japani husahau.

Kamshafti mpya hufungwa na tapeti mpya. Tapeti iliyolika kwa nundu ya zamani huila nundu mpya kwa muda mfupi. Nafasi kati ya valvu na pistoni hupimwa kwa plastisini: kipande huwekwa juu ya pistoni, kichwa hufungwa, injini huzungushwa kwa mkono, kisha plastisini hukatwa na kupimwa unene. Chini ya milimita 2 upande wa kuingizia, na 2.5 upande wa kutolea, ni kujitafutia balaa. Springi nazo hukaguliwa zisifikie kugusana mizingo nundu inapokuwa juu kabisa. Pembe ya kamshafti hupimwa kwa gurudumu la digrii na geji, kwa maana cheni iliyolegea huichelewesha. Uwazi wa kiwandani wa valvu ni milimita 0.10 za kuingizia na 0.25 za kutolea, injini ikiwa baridi. Kamshafti mpya hufuata uwazi uliotolewa na mchongaji.

Dakika 20 za kwanza ndizo zinazoamua maisha ya nundu. Injini hupandishwa mara moja hadi mizunguko 2,000 hivi na kuachwa huko, bila kuruhusiwa kushuka, ikiwa na oili yenye zinki ya kutosha. Oili nyingi za kisasa zimepunguziwa zinki.

Kupima mchanganyiko, na mwinuko

Shinikizo la hewa Kitale ni karibu asilimia 80 ya lile la Mombasa. Bungoma ni karibu asilimia 85. Pampu isiyo na kifaa cha kurekebisha mwinuko haioni tofauti hiyo. Gari likipimwa Kitale kwa kihisi cha oksijeni na kuwekwa sehemu 12.8 za hewa kwa moja ya petroli, pedeli ikiwa imekanyagwa mpaka mwisho, likifika Bungoma litakuwa kama 13.5, na likishuka Mombasa litavuka 15, kiwango cha kuyeyusha pistoni. Kwa sababu hiyo kipimo cha mwisho hufanywa mahali pa chini kabisa ambapo gari litaendeshwa kwa nguvu. Gari lililopimwa Bungoma, ambalo mchanganyiko wake huwa mzito kidogo Kitale, halidhuriki. Kabla ya safari ya pwani pampu huongezwa petroli na kupimwa upya.

Breki nazo huguswa na kamshafti na mwinuko. Servo ya 504 huendeshwa na ombwe la manifoldi, ambalo hupunguzwa na kamshafti na hupunguzwa tena na mwinuko. Hukaguliwa kwa kukanyaga breki mara kadhaa injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta: pedeli ikiwa ngumu, tangi dogo la akiba ya ombwe huongezwa kabla gari halijatolewa gereji.