Sanamu za Pango la Noeli



Juma hili makatekista wengi watafungua stoo ya kanisa ili kulitoa sanduku la pango la Noeli. Baadhi yao watakuta Yosefu amevunjika mkono, punda ameliwa na bungua, na Mtoto mwenyewe haonekani. Tuanzie kwenye sanduku hilo, kwa maana historia yake ni ndefu kuliko tudhanivyo.

Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, Mtakatifu Fransisko wa Asizi alitamani kuuona kwa macho umaskini wa Bethlehemu. Hakuchonga sanamu yoyote. Alitayarisha hori lenye nyasi, wakaletwa ng'ombe na punda walio hai, na Misa ikaadhimishwa juu ya hori hilo. Sanamu zilifuata: kabla karne hiyo haijaisha, Arnolfo di Cambio alikuwa amechonga za marmari kwa ajili ya kanisa la Bikira Maria Mkuu, Roma. Na katekista akiulizwa, ajibu bila woga kwamba Injili ya Luka hutaja hori tu. Ng'ombe na punda tumewapata katika sura ya kwanza ya nabii Isaya.

Huku kwetu, Wabenediktini walifika Tosamaganga mwishoni mwa karne ya 19. Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 iliwaondoa, na mwaka 1919 Wamisionari wa Konsolata wakaja kuuendeleza utume wao. Upande wa Mbeya, ndugu zetu Wamoraviani walikuwa wamefika Rungwe tangu 1891. Kanisa lao lina chimbuko Herrnhut, Ujerumani, mji wa ile nyota ya karatasi ya Noeli. Kwa miaka mingi sanamu tulizozijua zilikuwa za plasta, zenye nyuso za Ulaya. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia, ulikubali sanaa ya kila taifa itumike kanisani kwa heshima. Wamakonde wakachonga Familia Takatifu kwa mpingo, nasi tukamwona Maria amejifunga nguo kama mama zetu.

Nyanda zetu hazikosi mikono. Wanawake Wakisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, karibu na Matema, ni wafinyanzi mashuhuri; wanawake wa Iringa husuka vikapu vya milulu; na Tukuyu ni nchi ya migomba, ambayo maganda yake makavu hufungwa yakawa mchungaji au kondoo.

Kazi ngumu ni kuzitunza. Tazameni majira yetu: Noeli huja katikati ya mvua, na sanamu hurudishwa sandukuni Januari, mvua zikiwa bado zinanyesha. Basi tunafungia unyevu pamoja nazo, kisha tunashangaa ukungu! Heri kwanza zikae siku kadhaa mahali penye hewa, kivulini, ndipo zifungwe kwa kitambaa safi cha pamba na kuwekwa juu, mbali na sakafu yenye mchwa. Mwezi Juni, wakati wa baridi kavu, sanduku lifunguliwe tena likaguliwe. Mpingo uliotoka joto la pwani ukianikwa juani au kuwekwa karibu na jiko hupasuka. Tena ule mti mweupe wa pembeni ndio bungua aupendao, si kiini cheusi. Mnunuzi naye awe macho: kuna mti laini uliopakwa rangi ya viatu ukaitwa mpingo. Akwaruze kidogo chini ya kitako.

Udongo usiochomwa ndio ulio dhaifu kuliko vyote, nasi tunalijua hilo kwa uchungu. Katika kigango kimoja, tusichokitaja, katekista mzee alifinyanga kundi zima kwa mikono yake, akalikausha kwa jua tu. Alipofariki, sanduku liliwekwa kando ya mifuko ya saruji, chini ya bati linalovuja. Hakuna aliyelifungua mwaka mzima. Sisi pia tulipita stoo ile mara nyingi, tukichukua majembe na viti. Desemba tulikuta tope, na ndani yake shanga mbili zilizokuwa macho ya ng'ombe.

Kamati ilinunua sanamu za plastiki dukani. Si dhambi, Noeli ilikuwa imebaki siku nne. Lakini usiku wa mkesha mjane mmoja alikuja na kitu kilichofungwa katika kipande cha kanga. Mjukuu wake alikuwa ameazima mwanakondoo mmoja Noeli iliyotangulia, akasahau kumrudisha, na bibi aliona haya kusema. Tulimpeleka akachomwe pamoja na vyungu, akatoka mzima, ila sikio moja. Hadi leo husimama kando ya hori, mrefu kuliko ng'ombe wa plastiki, na watoto humtafuta yeye kwanza.