Kaskazini Iliyofungwa kwa Sheria

Maelfu ya watu hupita kila siku katika Barabara ya Wabera, katikati ya Nairobi, na ni wachache wanaoweza kukueleza Wabera alikuwa nani. Daudi Dabasso Wabera alikuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, Mwafrika wa kwanza kushika cheo hicho huko. Mwishoni mwa Juni 1963, uhuru ukiwa umebakiza miezi sita, aliuawa kwa risasi karibu na Modogashe pamoja na Chifu Haji Galma Dida. Walikuwa safarini wakiwasihi wafugaji wakubali kubaki Kenya. Chanzo cha mauti yao kiko miaka sitini nyuma, katika karatasi za serikali.

Mwaka 1902 wakoloni walitunga sheria iliyowapa uwezo wa kufunga wilaya nzima, asiingie mtu bila kibali. Kuanzia 1909 ofisa wao Geoffrey Archer alikwenda kusimika vituo vya serikali Marsabit na Moyale. Jina lake limebaki Archers Post, kaskazini mwa mji wa Isiolo. Waingereza hawakwenda kutafuta mashamba kule. Walitaka ardhi pana iwatenge na Ethiopia ya Menelik upande mmoja na Waitaliano wa Somalia upande mwingine, na walitaka iwagharimu pesa kidogo iwezekanavyo. Mwaka 1926 eneo lote, kuanzia Isiolo hadi Mandera, likatangazwa kuwa limefungwa. Sheria nyingine ya 1934 iliwapa maofisa mamlaka ya kuamua nani ahame, lini na kwa njia gani, na kuwakamata watu wa ukoo mzima na mifugo yao kwa kosa la mmoja.

Kwa hiyo Wasomali, Waborana, Wagabra, Warendille na Wasakuye waliishi miongo mingi katika nchi ambayo hawakuruhusiwa kuitembelea. Kwenda Nanyuki kulihitaji pasi. Waturkana nao walifungiwa vivyo hivyo upande wa magharibi, na serikali ilipotafuta pa kumficha Jomo Kenyatta mwaka 1953, ilimpeleka Lokitaung. Leo tunasema kaskazini iko mbali. Kutoka Nairobi hadi Isiolo ni kilomita zisizofika 300. Umbali uliobaki ulitengenezwa na sheria, na hilo ndilo jambo ninalotaka kila Mkenya alijue.

Mwaka 1962 tume ilitumwa kuwauliza wananchi wanataka nini, na wengi, hasa Wasomali, wakajibu kwamba wanataka kuungana na Somalia. Machi 1963 Uingereza ikaamua vinginevyo. Kufika Desemba, Kenya huru ilikuwa imetangaza hali ya hatari kaskazini, na vita na mashifta, yaani waasi waliotaka kuungana na Somalia, vikaanza.

Historia za vita hivi hupenda kueleza mapigano na siasa za Mogadishu. Mimi naona pigo kubwa kuliko yote lilikuwa lile la 1966, serikali ilipowakusanya wafugaji katika vijiji maalumu, Garba Tulla, Merti na kwingineko, ili mashifta wakose chakula na pa kujificha. Nje ya mpaka wa kijiji, mtu alihesabiwa kuwa adui, na mnyama aliweza kupigwa risasi.

Fikiria maana yake kwa ngamia. Ngamia hali majani ya mahali pamoja. Hung'ata kidogo katika mti huu, akasogea kwenye mwingine, na kwa siku moja huenda mwendo mrefu. Huhitaji pia malisho yenye chumvi, ambayo hayapatikani kila mahali, na ndiyo maana wenye ngamia hupanga safari za mwaka mzima kwa kufuata visima na ardhi ya chumvi. Ukimfungia na mamia ya wenzake kuzunguka kisima kimoja, vichaka huisha upesi, magonjwa huingia, na maziwa hukauka. Maziwa yakikauka, watoto ndio wa kwanza kuumia. Kati ya 1963 na 1970 ngamia wa wilaya ya Isiolo walipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Wasakuye, waliojulikana kwa ngamia kabla ya vita, walitoka vijijini humo mikono mitupu. Kipindi hicho wanakiita Daba, wakati mambo yote yaliposimama. Wengi walianza upya na mbuzi wachache, wengine wakajifunza kulima.

Oktoba 1967, mjini Arusha, Kenya na Somalia zilikubaliana kusitisha uhasama kwa upatanishi wa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Serikali mbili zilipeana mikono. Aliyepoteza ngamia hakulipwa. Badala yake, mwaka 1970 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kuwakinga maofisa wa serikali wasishtakiwe kwa waliyoyatenda kaskazini wakati wa vita. Sheria za hali ya hatari zilidumu hadi 1991. Ilikuwa chini ya sheria hizo, Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Kisomali wa Degodia walipokusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, wakavuliwa nguo, wakanyimwa maji, na wengi wakauawa.

Mabadiliko yapo. Lami imefika Moyale, na tangu 2013 kaunti zina bajeti zao. Hata hivyo wapo wazee wa Marsabit ambao wakisafiri kusini bado husema wanakwenda Kenya, na sioni haki ya kuwacheka.

Mei 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilimkabidhi Rais ripoti yake, iliyoandika mateso ya kaskazini kwa kirefu na kupendekeza fidia. Walioona ngamia wao wakianguka mwaka 1966 sasa ni watu wa miaka 70 na zaidi. Wabunge waipitishe ripoti hiyo na fidia ilipwe wakati bado wapo wa kuipokea.