Abedari za Babu

Babu yangu, nahodha wa Pangani, alipandisha foromali kwa kamba iliyopita kwenye abedari mbili. Mabaharia wawili walitosha, ila walivuta mpaka wakachoka kuvuta. Karne ya 1, Heron wa Alexandria alieleza zana tano: wenzo, kabari, skrubu, kapi (yaani abedari), na gurudumu pamoja na mhimili wake. Akasema unachookoa kwa nguvu unakilipa kwa muda. Hayo Babu aliyajua kwa viganja.

Karne hiyohiyo Mgiriki mmoja wa Misri aliandika habari za Rhapta, soko la pwani yetu lililoitwa hivyo kwa mashua zake za kushonwa. Wataalamu wengine wanaliweka Pangani, wengine Rufiji. Babu, bila shaka, alichagua Pangani.