Gogo la Mpingo Linalokaushwa

Gogo lililo mbele yako ni la mpingo, kwa Kireno pau-preto. Mti huu huchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kukatwa, na moyo wake mweusi ni mzito hata huzama majini. Wachongaji wa Kimakonde wa Cabo Delgado, nchini Msumbiji, hupenda kuuchonga kwa tezo ungali mbichi. Ukikauka, hukataa chuma. Katika kuukausha, adui ni nyufa, kwa kuwa ncha hupoteza maji upesi kuliko katikati. Ndiyo maana ncha hizi zimepakwa nta na gogo limewekwa kivulini. Bakuli la mpingo nalo hukerezwa nene kwanza, likaachwa likauke polepole, ndipo hukamilishwa. Tumelihifadhi gogo hili kwa sababu subira hii mnunuzi haioni. Tafadhali usikwangue nta.