Vichwa Vilivyoifundisha Mashine

Mwaka 1918, daktari wa upasuaji Walter Dandy wa Baltimore, Marekani, alieleza njia mpya ya kutafuta uvimbe kichwani: kutoboa fuvu, kutoa maji yaliyo katika vyumba vya ndani ya ubongo, kuingiza hewa mahali pake, kisha kupiga eksirei. Uvimbe wenyewe mara nyingi hauonekani kwenye eksirei, lakini hewa huonekana. Vyumba vikiwa vimesukumwa upande, daktari alijua kuna kitu kinachovisukuma. Hakuuona uvimbe, aliona ulichokisogeza.

Naanzia huko kwa sababu watu wengi wakisikia kwamba ninaifundisha kompyuta kutambua uvimbe wa ubongo, hudhani ni habari ya jana. Ni habari ndefu, na sehemu yake moja ilianzia Afrika.

Mwaka 1956, Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg, alifanya kazi ya muda katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Huko alianza kujiuliza: miale ikipitishwa mwilini kutoka pande nyingi, hesabu haiwezi kutuonyesha kilichomo ndani? Alichapisha majibu yake mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyejali. Uingereza, mhandisi Godfrey Hounsfield, bila kujua kazi hiyo, alikuwa akiunda mashine ya wazo hilohilo. Aliijaribu kwa ubongo wa ng'ombe, aliokuwa akiubeba ndani ya usafiri wa umma jijini London. Tarehe 1 Oktoba 1971, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe akawa mgonjwa wa kwanza kupigwa CT-scan ya kichwa. Mwaka 1979 Cormack na Hounsfield waligawana Tuzo ya Nobel.

Picha za mwanzo za Hounsfield zilikuwa na miraba 80 kwa 80, yaani namba 6,400. Kwangu, hapo ndipo historia ilipogeuka. Tangu hapo picha ya ubongo ikawa jedwali la namba, na namba ni kitu ambacho kompyuta inaweza kukisoma. MRI ilipokuja baadaye, ikionyesha nyama laini za ubongo vizuri zaidi, jedwali lilizidi kukua.

Mwaka 2012 mambo mawili yalitokea. Mtandao wa neva uitwao AlexNet uliwaacha mbali wapinzani wake katika shindano la kutambua picha za kawaida. Mwaka huohuo lilianza shindano la BraTS, la kuchora mipaka ya uvimbe wa ubongo kwenye picha za MRI. Mwaka 2015 watafiti wa Freiburg, Ujerumani, walitoa U-Net, muundo ambao wengi wetu bado tunautumia. Kazi yake ni rahisi kueleza: unaipa picha pamoja na mipaka iliyochorwa na wataalamu, inakisia, inakosea, inasahihishwa, inajirekebisha, maelfu ya mara.

Maana yake ni kwamba inajua vichwa ilivyoonyeshwa tu. Kwa miaka mingi vichwa hivyo vilitoka zaidi Marekani na Ulaya. Mwaka 2023 ndipo BraTS ilipoongeza kundi la picha za wagonjwa wa Afrika kusini mwa Sahara: wagonjwa 60 wa kufundishia, wakati kundi kuu lilikuwa na zaidi ya elfu moja. Mashine nyingi huku hutoa picha zenye ukungu kidogo, na wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, uvimbe umeshakuwa mkubwa.

Modeli yangu ilifanya vizuri kwenye kundi kuu. Nilipoipa picha za Afrika, kwenye baadhi yake ilipaka rangi ya uvimbe mahali palipokuwa na maji tu, na kwingine ikauruka uvimbe ambao hata mimi, nisiye daktari, niliuona. Haikusita wala kusema sijui. Nilikuwa na wiki mbili za kukabidhi sura ya matokeo. Nikazitenga picha zilizoniharibia wastani, nikaandika kwamba zimeondolewa kwa sababu ya ubora duni.

Msimamizi wangu alisoma sentensi hiyo, akavua miwani.

"Kijana, ukiumwa kichwa leo, utapigwa picha wapi?"

"Hapa hapa, Mwalimu."

"Kwa mashine ipi?"

Sikujibu. Nilirudi maabara, nikazirudisha picha zote. Wastani ulishuka, na jedwali langu sasa lina safu mbili badala ya moja. Dandy alijua kwamba anatazama hewa, si uvimbe. Modeli yangu haijui inachotazama, kwa hiyo ni lazima mimi niseme, kwenye ukurasa huohuo wa matokeo, ni vichwa vya nani ilivyoshindwa kuviona.