Nani Aliyeiangusha Roketi ya Xichang?

Roketi inapolipuka na setilaiti yake, swali la kwanza ni kasoro ilikuwa wapi. Swali la pili, ambalo ndilo lenye fedha, ni nani alaumiwe. Huko Xichang, kusini magharibi mwa China, maswali haya mawili yaliwahi kuzua mgogoro wa mataifa.

Desemba 1992 roketi ya Kichina aina ya Long March 2E iliruka na setilaiti ya Australia, Optus B2. Haikutimiza dakika moja, setilaiti ikasambaratika, ingawa roketi yenyewe iliendelea na safari. Januari 1995 ikawa zamu ya Apstar 2. Safari hii vyote viwili viliteketea na mabaki yakaua wanakijiji sita. Setilaiti zote mbili zilitengenezwa na kampuni ya Hughes ya Marekani. Mwamba ngoma huvutia kwake: Hughes walidai kwamba kofia inayofunika setilaiti kwenye ncha ya roketi ilishindwa kuhimili upepo. Wachina wakasema kasoro itafutwe kwenye setilaiti.

Tarehe 15 Februari 1996 mambo yakawa mabaya zaidi. Roketi mpya, Long March 3B, iliyobeba Intelsat 708 iliyotengenezwa na kampuni nyingine ya Marekani, Loral, ilianza kuinama mara tu ilipoondoka. Baada ya sekunde 22 ikajibamiza mlimani. Serikali ya China ilitangaza vifo sita. Wageni walioona nyumba zilivyobomoka waliamini kuwa waliokufa ni wengi zaidi, na ubishi huo haujaisha.

Safari hii kofia haikutajwa. Kasoro ilikuwa kwenye chombo cha kuiongoza roketi, ambamo kiungo cha waya kilikuwa kimeachia. Lakini waya upi? Wenye bima hawakutaka kubeba hasara nyingine kabla wataalamu wa nje hawajasema neno. Ikaundwa kamati, mwenyekiti akitoka Loral, na Hughes nao wakiwamo. Kamati iliwaambia Wachina kwamba maelezo yao hayalingani na jinsi roketi ilivyoyumba. Watazame sehemu nyingine ya chombo kile kile. Wakatazama, wakaikuta kasoro.

Kumbe taarifa hiyo ilipelekwa China mwezi Mei bila kibali cha Washington! Wabunge wa Marekani wakaja juu: roketi ya setilaiti na kombora la nyuklia ni watoto wa baba mmoja, na anayekusaidia kurekebisha moja amekusaidia kurekebisha la pili. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, japo uchaguzi na siasa za vyama viliikoleza chumvi. Mwaka 1998 Bunge lao likaamua setilaiti zihesabiwe pamoja na zana za kivita. Mwaka 2002 Loral ilikubali kutoa dola milioni 20 kumaliza kesi, bila kukiri kosa. Mwaka uliofuata Hughes, pamoja na Boeing iliyokuwa imenunua kiwanda chake cha setilaiti, wakakubali milioni 32.

Long March 3B ilikuwa imekwisharuka tena zamani, Agosti 1997, ikiwa na setilaiti ya Ufilipino. Haikuyumba.